Kasaa ka Auburn

Jerusha Kamande alilishika boksi upande wa kulia, na mwanamume asiyemjua akalishika boksi hilo hilo upande wa kushoto. Hakuna aliyeachia.

"Samahani," Jerusha alisema kwa Kiingereza, "nimeliona mimi kwanza."

Yule mwanamume akatazama rafu, akaona kwamba palikuwa na moja tu, akajisemea chini chini, "Ee Mungu wangu, na maman njo anangojea."

Jerusha aligeuka. Katika duka lile kubwa la vifaa vya umeme la Auburn, mtaa wa wahamiaji ughaibuni, siku ile ya Jumamosi mwanzoni mwa Juni 2021, alikuwa amesikia Kiarabu, Kituruki, Kichina na Kinepali. Kiswahili hakukitarajia.

"Kumbe wewe ni wa kwetu!"

"Kwenu ni wapi?"

"Kenya. Nyahururu."

"Mi ni wa Bukavu. Congo." Akatabasamu, lakini mkono haukutoka kwenye boksi. "Aksanti kunisalimia, dada. Sasa uniachie réveil."

"Réveil ni nini?"

"Ni hii! Ya kuamusha mutu."

"Hiyo ni saa, bana. Saa yenye redio."

"Ikikuamusha ni réveil."

Jerusha akacheka bila kutaka. Alikuwa amevaa koti refu la rangi ya haradali na raba nyeupe, nywele zake amezisuka mabutu manne makubwa, na masikioni ana vipuli vidogo vya shaba. Mwanamume alikuwa mrefu, amenyolewa vizuri, shati la kitenge cha buluu likichungulia chini ya jaketi la kazi lenye mistari inayong'aa. Alisema anaitwa Akilimali. Aliendesha foklifti katika depo moja huko Villawood.

"Basi, Akilimali, nisikilize," Jerusha alisema. "Mimi ni nesi. Simu yangu inanizimikia nikiwa nimelala kwa sababu chaja imelegea, na hiyo simu ndiyo kengele yangu. Mwezi huu nimechelewa kazini mara mbili. Ya tatu naitwa ofisini. Nataka saa inayoniamsha na inayochaji simu, yote pamoja, kando ya kitanda."

"Na maman yangu haonake muzuri, sababu ya sukari. Anaamukaka saa kumi ya asubuyi kwa kuomba. Ananiita, 'Akili, ni saa ngapi?' Kila siku! Minataka ajionee mwenyewe."

Kila mmoja alimwona mwenzake ana haki, na hilo likawatia wote wawili aibu kidogo. Akilimali ndiye aliyeona njia. Alimpeleka kwenye meza ya maonyesho, ambako saa ile ilikuwa imewashwa. Namba zake zilikuwa nyekundu, kubwa kama viganja vya mtoto, na juu yake kulikuwa na mfereji wa kusimamishia simu, wenye ncha ya chaja katikati.

"Unalalaka mchana wakati mwingine?" aliuliza.

"Nikitoka shifti ya usiku, ndiyo."

"Ile taa itakuua. Angalia." Akaifunika kwa jaketi lake, na wekundu ukapenya kwenye kitambaa. "Chumba itakuwa sawa moto unawaka. Sasa ona hii."

Pembeni kulikuwa na saa nyingine, ndogo, ya mviringo, imevikwa kitambaa cha kijivu. Namba zake zilikuwa nyeupe na hafifu. Haikuwa na ncha ya kuchomeka. Simu ililazwa juu tu.

"Bila kebo?" Jerusha alilaza simu yake. Hakikutokea kitu. "Unaona? Unanidanganya."

Akilimali akaichukua ile simu, akalivua kava lake nene la mpira, akailaza tena. Ikatoa mlio mwembamba, alama ya betri ikawaka kijani.

"Kava ilikuwa nono," alisema.

"Kumbe una akili, Akilimali."

"Na mali itakuja."

Akaigeuza ile saa ndogo, akamwonyesha kitufe cha kupunguza mwanga, tundu la betri ya akiba ikiwa umeme utakatika, na sehemu ya kuweka kengele mbili, ya siku za kazi na ya mapumziko. Alieleza kwa bidii kama mtu anayekabidhi kitu chake mwenyewe. Jerusha alisikiliza maelezo nusu. Nusu nyingine alikuwa akiitazama mikono yake.

"Nimekuchagulia hii," Akilimali alisema. "Ikikusumbua, unipigie simu."

"Nitakupigiaje na sina namba yako?"

"Njo maana niko nakupatia."

Ndivyo ilivyoanza. Wiki iliyofuata walikunywa kahawa Liverpool, mtaa mwingine wa mji ule ule, karibu na hospitali alikofanya kazi Jerusha. Wiki iliyofuata hiyo walitembea kando ya mto mpaka miguu ikaganda kwa baridi, maana huko Juni ni kipupwe, na Akilimali akamvua Jerusha glavu moja ili amshike mkono. Mwisho wa Juni mji ukafungwa kwa sababu ya korona.

Hakuna aliyedhani lokdauni ingedumu. Siku kumi na nne ziligeuka mwezi, mwezi ukawa miwili. Helikopta za polisi zilizunguka juu ya nyumba za magharibi mwa mji, na wafanyakazi walibeba karatasi za ruhusa mfukoni. Jerusha alihamishiwa wodi ya wagonjwa wa korona. Akilimali alitaka kwenda kumwona; Jerusha akakataa.

"Mimi nashinda na hiyo virusi siku nzima," alimwambia kwenye simu. "Ukinishika halafu umshike mama, nitajisamehe vipi?"

"Basi tuongee."

"Tuongee, kajamaa kangu."

Hilo likawa jina lake. Kila siku saa kumi na moja na nusu alfajiri, Akilimali akiwa kwenye kituo cha treni na Jerusha akichemsha chai, simu ililia.

"Umeamuka, chérie?"

"Nimeamka. Na wewe umevaa soksi mbili? Kuna baridi mbaya."

"Tatu. Na saa yako, inakuamusha muzuri?"

"Inaniamsha," Jerusha alijibu kila mara, kisha akageuza mazungumzo.

Mama Léocadie, mama yake Akilimali, naye aliingia katika simu hizo. Alimuuliza Jerusha habari za dawa zake za sukari, kisha habari za wazazi wake, na mwishowe akaanza kumfundisha kupika sombe, yaani kisamvu, akimkemea kutoka Auburn: "Usiharakishe, binti yangu! Ile majani inataka moto kidogo kidogo!"

Katikati ya Agosti, alasiri moja, Akilimali alimpigia wakati wa mapumziko ya chai. Waliongea, wakacheka, wakaagana. Jerusha akailaza simu juu ya ile saa ya kijivu, akidhani mwenzake amekata. Akilimali hakuwa amekata. Mfanyakazi mwenzake alikuwa amemwomba asogeze mzigo, na alipoirudisha simu sikioni akasikia sauti ya Jerusha, ikitoka kwa mbali lakini wazi, akizungumza na Waceke, nesi aliyeishi naye nyumba moja.

"Kamenichosha, Waceke. Aki nimekachoka."

"Na vile ulikuwa unakasifu!"

"Mwanzo nilikaona kazuri. Sasa kila asubuhi kananipigia kelele, maneno mengi, hakanyamazi. Lokdauni ikiisha nakarudisha huko Auburn nilikokatoa, nitafute kengine."

Waceke alicheka. Akilimali akakata simu. Alikaa juu ya foklifti, injini imezimwa, mpaka msimamizi akamwita mara mbili.

Kajamaa kangu. Kila asubuhi kananipigia. Hakuna neno hata moja ambalo hakulielewa.

Ukweli ni kwamba Jerusha alikuwa akisema habari za saa. Ile saa nzuri ya kitambaa ilikuwa na kasoro: hata angeiweka kengele ya aina gani, ikifika alfajiri ilijirukia yenyewe kwenye stesheni ya mbio za farasi, na mzee mmoja mwenye sauti ya bati akaanza kupiga mayowe ya majina ya farasi. Sauti haikupungua. Maduka yalikuwa yamefungwa. Na kwa kuwa Akilimali ndiye aliyemchagulia kwa upendo mwingi vile, Jerusha alikuwa ameamua kuvumilia na kunyamaza, asimvunje moyo.

Kesho yake simu haikulia. Jerusha alipompigia, Akilimali alisema, "Niko kazini." Siku iliyofuata ikawa hivyo hivyo. Ujumbe wa maneno mengi ulijibiwa kwa neno moja. Baada ya wiki moja haukujibiwa kabisa.

"Amepata mwingine," Jerusha alimwambia Waceke.

"Lokdauni hii? Ampate wapi, kwenye foleni ya vipimo?"

"Basi amenichoka. Nani anataka mtu anayesinzia akiongea?"

Aliendelea kwenda kazini. Alivaa gauni la plastiki, barakoa mbili na ngao ya uso, akashika mikono ya watu waliokosa pumzi, akarudi nyumbani na kuoga mpaka ngozi ikauma. Alikuwa na hasira, na chini ya hasira kulikuwa na mtu aliyekuwa akisubiri simu ya saa kumi na moja na nusu.

Wiki ya tatu simu ililia saa nne asubuhi, siku yake ya mapumziko. Jina lilikuwa la Akilimali. Sauti haikuwa yake.

"Binti yangu, ni miye, Mama Léocadie." Alikohoa. "Akili amelala. Iko na korona, ameipata ku depo. Na miye pia. Alinikataza kukupigia, mais... mi ni mama."

Jerusha alikuwa ameshasimama. "Mama, unasikiaje kifuani?"

"Kidogo... tu... kizito."

"Nihesabie moja mpaka ishirini, mama, bila kuvuta pumzi."

"Moja. Mbili. Tatu. Ine. Tano. Sita..." Kukawa kimya, kisha mvuto wa hewa kama mlango unaokwaruza. "Saba."

"Mama, mwamshe Akilimali. Mpe simu sasa hivi."

Ilichukua muda. Kisha sauti nzito, yenye homa: "Jerusha?"

"Tutagombana baadaye. Piga sifuri tatu, uite gari la wagonjwa. Waambie mama ana kisukari, ana korona, na pumzi inakatika kabla hajahesabu saba. Uwaambie hivyo hivyo, kabla ya saba. Usimpe maji mengi, mkalishe wima. Piga sasa."

Akapiga. Gari la wagonjwa lilifika baada ya dakika ishirini na tano, na madaktari wakamwambia Akilimali kwa simu, jioni ya siku hiyo, kwamba angemchelewesha mama mpaka kesho wasingeahidi kitu.

Mama Léocadie alilazwa. Akilimali akabaki peke yake, amefungiwa ndani ya nyumba ya vyumba viwili ghorofa ya pili, ana homa, na haruhusiwi kutoka hata mlangoni.

Siku mbili baadaye, saa saba mchana, kengele ya mlango wake ililia. Alipofungua hakuona mtu, aliona mfuko. Ndani yake mlikuwa na kipimo kidogo cha oksijeni cha kubana kidole, machungwa, wali, na bakuli la sombe, bado la moto. Simu ikalia.

"Toka uje kwenye baraza," Jerusha alisema.

Alikuwa amesimama chini, kwenye nyasi, barakoa usoni, koti lile la haradali likipigwa na upepo. Akilimali alishika chuma cha baraza kwa mkono mmoja na simu kwa mwingine.

"Mama anaendeleaje?" Jerusha aliuliza.

"Leo amekula. Ameuliza kama umeniletea chakula. Alijua utakuja."

"Bana kidole kwanza. Nisomee namba."

"Tisini na sita."

"Vizuri. Sasa tugombane." Akapiga hatua moja mbele. "Nilikukosea nini, Akilimali? Wiki tatu! Nimejihoji mpaka nimechoka. Kama ulitaka kuniacha, si ungesema?"

"Mi nikuache? Weye njo ulisema utanirudisha Auburn!"

"Nilisema nini?"

Akamsomea. Aliyajua maneno yote kwa kichwa, moja baada ya jingine, kwa lafudhi ya Nyahururu kabisa: kamenichosha, nimekachoka, kananipigia kelele, nakarudisha, nitafute kengine.

Jerusha akaangua kicheko, akakaa kwenye nyasi. Dirisha la jirani likafunguliwa pazia.

"Unacheka?" Akilimali aliuliza kwa uchungu.

"Ni saa!" Jerusha alipiga kelele, akisahau kwamba ana simu mkononi. "Kasaa! Kale kasaa ulikonichagulia!"

"Réveil?"

"Réveil! Kila siku alfajiri kanajiwashia mbio za farasi! Mzee anapayuka, 'Namba sita anapita ndani! Namba sita!' Waceke ameapa atakatupa dirishani. Nimebonyeza kila kidude, hakasikii!"

"Ile ya kitambaa? Ile muzuri?"

"Hiyo hiyo."

"Mais nilikuambia ikikusumbua unipigie!"

"Ningekuambiaje? Ulikuwa umejivunia hivyo! Kila asubuhi unaniuliza, 'Inakuamusha muzuri?'"

Akilimali aliinamisha kichwa juu ya chuma. Mabega yakaanza kutikisika, na kicheko kikamtoka pamoja na kikohozi mpaka Jerusha akasimama na kumwamuru aketi. Alipotulia, macho yake yalikuwa yamelowa.

"Sikia," alisema, sasa kwa sauti ya chini ya simu. "Nilikaa miaka tisa ku kambi, Uganda. Watu walikuwaka wananiambia, 'Ngojea, tutarudi,' na hawakurudi. Njo maana niliposikia ile maneno, sikushangaa. Nilisema, sawa, na huyu pia. Yeye ni nesi, mi ni mtu wa depo. Nilikuwa nimeshajitayarisha hata mbele ya kukujua."

Jerusha alivuta barakoa chini, akamwonyesha uso wake wote, kwa hatua nyingi za umbali.

"Mimi sikujua hayo," alisema. "Lakini nisikilize. Siku nyingine ukisikia kitu kinachokuumiza, niulize. Nipigie kelele kama yule mzee wa farasi. Ugomvi nauweza. Kunyamaziwa siwezi, Akilimali. Kumeniuma sana."

"Nisamehe."

"Utaniuliza?"

"Nitakuuliza."

"Basi kula kabla sombe haijapoa. Uniambie ukweli."

Akaenda kuchukua kijiko. Alionja akiwa amesimama, akatafakari. "Chumvi haitoshi," alisema.

"Huna hata ladha mdomoni, wewe mgonjwa!"

"Njo maana sina uhakika. Kesho ulete tena."

Mama Léocadie alitoka hospitalini siku ya tisa, amedhoofika lakini mdomo wake ukiwa mzima. Wakati wa kujiuguza alitoa cherehani yake chini ya kitanda, akaomba vipimo vya Jerusha kwa simu, akaanza kushona.

Mji ulifunguliwa Oktoba. Jumapili ya mwisho ya mwezi huo Jerusha na Akilimali walikutana katika bustani kubwa ya Auburn, saa kumi alasiri. Familia zilikuwa zimetandika mikeka kila mahali kama watu waliotoka kifungoni, na tausi walitembea katikati yao wakidokoa makombo. Jerusha alivaa gauni la kitenge cha manjano na zambarau, kiuno kimekaa sawasawa, mikono imepambwa kwa mikunjo ya Kikongo. Akilimali alivaa shati jeupe lililokuwa likimtosha mwezi wa Juni. Sasa ukosi wake ulimzunguka shingoni kama wa mtu mwingine.

"Kesho wanafungua mipaka," Akilimali alisema walipoketi kwenye benchi kando ya maji.

"Najua. Nimeomba likizo ya Desemba. Sijawaona wazazi wangu karibu miaka mitatu."

"Minataka kwenda na weye."

"Kutembea?"

"Hapana." Alijipangusa viganja kwenye suruali. "Minataka kukaa mbele ya baba yako, nimwombe binti yake. Mu nyumba, si mu simu. Lakini haiko muzuri niombe baba mbele ya kukuomba weye mwenyewe. Donc, niko nakuomba. Jerusha, utakubali kuwa bibi yangu?"

Jerusha akatoa simu kwenye mkoba na kupiga.

"Unaita nani?" Akilimali alishtuka. "Jerusha, sijamaliza, unaita nani?"

Kwenye kioo akatokea mzee mwenye suti ya kijivu na tai, akijiandaa kwenda kanisani. Nyahururu ilikuwa saa mbili asubuhi. Mzee Kamande alianza kwa Kikuyu, kisha akaona bega la shati jeupe pembeni mwa kioo, akageukia Kiswahili.

"Huyo ni nani anajificha hapo?"

"Anaitwa Akilimali, baba. Ni Mkongo. Ameniomba anioe."

"Ameomba lini?"

"Sasa hivi."

Mzee akavua miwani, akaipangusa, akaivaa tena. "Na wewe umemwambia nini?"

Jerusha aliacha kuitazama simu. Alimgeukia Akilimali, aliyekuwa ameshikilia ukingo wa benchi kwa mikono yote miwili.

"Nimemwambia ndiyo," alisema.

Akilimali alifunika uso. Alipoufunua, simu ilikuwa tayari mbele yake, na mzee wa Nyahururu alikuwa akimkagua kimya kimya kuanzia nywele mpaka kifua. Akasimama wima, kama anayehojiwa kazi.

"Shikamoo, baba."

Mzee alisogeza uso karibu na kioo, akakunja paji, kisha akapaza sauti kumwita mkewe aje aone.

"Mama Jerusha! Kuja hapa! Huyu kijana ni mzuri, lakini amekonda hivi, kwani huko hawapikiani?" Akamrudia Akilimali. "Desemba ni mbali. Jerusha, mtoe hapo kwenye hayo maji, umpeleke akale. Tutaongea akishashiba."

Na akakata simu, kwa sababu kengele ya kanisa ilikuwa imeanza.